Mwalimu, nighufirie: kitenzi cha Kichina cha msamaha wa dola

Nilikuwa kwenye daladala, mvua inanyesha, foleni haisogei, na darasa la Kichina la jioni limeshaanza. Nikaona ni adabu kumtumia mwalimu ujumbe. Nikafungua kamusi ya simuni, nikatafuta "kusamehe", ikaniletea maneno matano hivi. Nikachagua lililoonekana zito kuliko yote, maana kwetu ukiomba radhi kwa mtu mzima unatafuta neno lenye uzito. Nikaandika: 老师,请赦免我, Lǎoshī, qǐng shèmiǎn wǒ. Nikajisifu moyoni.

Jibu lilikuja haraka: 我不是皇帝. Wǒ bú shì huángdì. "Mimi si mfalme."

Nilipofika nimelowa, darasa zima lilikuwa limeshausoma ubaoni. Mwalimu, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, alikuwa amechora kitu mfano wa kiti cha enzi, na chini yake kijimtu kimepiga magoti. Kijimtu hicho ndicho mimi.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini walicheka kiasi kile, na nilielewa siku nilipoacha kukitafsiri kitenzi hiki kwa "kusamehe". Kusamehe kwetu ni kitenzi cha kila mtu. Mwenye duka anakusamehe deni la mkate. Mke anamsamehe mume. Serikali inasamehe kodi. Rais wa Tanzania, kila ifikapo sherehe ya kitaifa kama ile ya 9 Desemba, husamehe wafungwa, na redio inatangaza kwa neno lile lile ulilotumia asubuhi ulipomkanyaga mtu kwenye foleni. Kitenzi hakijali nani yuko juu na nani yuko chini.

Lakini Kiswahili nacho kina kitenzi kinachojali. Msibani watu husema, "Mwenyezi Mungu amghufirie." Hakuna anayesema, "Jirani yangu amenighufiria kuku wake niliyemgonga." Kughufiria kunashuka kutoka mahali pamoja tu. Mtu akija darasani amechelewa akasema, "Mwalimu, nighufirie," Kiswahili chake hakina kosa hata moja la sarufi, na bado watu wote watageuka kumtazama. Hicho ndicho nilichokuwa nimemwandikia mwalimu wangu. Tofauti ni kwamba kughufiria kwetu kunakaa kwa Mungu, na shèmiǎn, kwa asili yake, kunakaa kwa dola.

Basi, kwa mtu aliyechelewa, Kichina kina 原谅 yuánliàng. Hili ni la watu wa kawaida: umenikosea, nimekuelewa, yamekwisha. Qǐng yuánliàng ni "niwie radhi" yetu. Kuna 饶 ráo, ambalo utalisikia sana kwenye tamthilia, mtu yuko chini, mwenzake ameinua fimbo, naye analia ráo le wǒ ba, yaani niachie, nihurumie. Kuna 宽恕 kuānshù, la moyo mpana, la mtu anayeamua kutolipiza ingawa angeweza. Yote matatu yanagusa moyo kwa namna fulani.

Shèmiǎn haligusi moyo hata kidogo. Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Mama aliyeuliwa mwanawe anaweza kumsamehe muuaji kwa yuánliàng, akalia naye, na muuaji asipunguziwe hata siku moja gerezani. Mfalme naye anaweza kumpa mtu shèmiǎn huku anamchukia kama kinyaa, na mtu yule akatoka kesho yake. Kitenzi kinataja uamuzi: kuna adhabu iliyokwisha kukatwa au inayongoja kukatwa, na kuna mamlaka iliyo juu ya hakimu inayosema isitekelezwe. Hisia za aliyekosewa hazimo.

Tuingie ndani ya herufi zenyewe. 赦免 ni mbili. Ya kwanza, 赦 shè, upande wa kushoto ina 赤, chì, ambalo peke yake lina maana ya wekundu, na pia uchi. Upande wa kulia ina 攵, umbo linalotokana na mkono ulioshika fimbo. Nimewahi kusikia wanafunzi wakijitungia hadithi: mtu mwekundu kwa damu, kachapwa, sasa anaachiwa. Ni hadithi nzuri ya kukumbukia, ila si kweli. Kamusi ya kale ya herufi, iliyotungwa karibu miaka 1,900 iliyopita, inaeleza kwamba ule upande mwekundu umewekwa kwa ajili ya sauti tu, na maana ya herufi nzima ni kuacha, kukiachia kitu kiende. Hadithi ya damu ibaki kichwani kama msaada, usiipeleke kwenye mtihani.

Ya pili, 免 miǎn, yeyote aliyewahi kutembea madukani Guangzhou anaijua hata kama hajui kwamba anaijua. 免费 miǎnfèi, bure. 免税 miǎnshuì, bila ushuru, lile duka la uwanja wa ndege. Ni kuondolewa jambo ambalo lilikupasa. Na hapa kuna mtego wa kalamu. Ukiongeza kitone kimoja kwenye 免 unapata 兔, tù, sungura. Mwenzangu mmoja aliandika kwenye zoezi kwamba mfalme "ameachilia sungura", akarudishiwa daftari limechorwa masikio mawili marefu pembeni.

Sauti nayo ina mchezo wake. Shè ni toni ya nne, inayodondoka kama mtu anayetoa amri. Sisi tuliozoea kuweka mkazo kwenye silabi ya mwisho kasoro moja, bila toni, tunapenda kuliinua, na ukiliinua linakuwa shé, nyoka, au ulimi. Lakini hata ukilitamka sawasawa hujamaliza, maana shè kwa toni hiyo hiyo pia ni 射, kupiga mshale au risasi. Kusamehe mtu na kumpiga mshale, kwa sikio, ni silabi moja. Ndiyo sababu katika mazungumzo ya leo shè halitembei peke yake ila mara chache. Linashikana na miǎn, au linatanguliwa na neno jingine, ili msikilizaji asije akadhani mfungwa anapelekwa ukutani.

Mara chache hizo ni zipi? Mojawapo iko kanisani. Katika Biblia ya Kichina iliyochapishwa 1919, ambayo Waprotestanti wengi bado wanaisoma, Yesu anamwambia yule aliyepooza, nǐ de zuì shè le, dhambi zako zimesamehewa. Shè peke yake, fupi, kama mhuri. Watafsiri wangeweza kuchukua yuánliàng. Wakachukua neno la kiti cha enzi, kwa sababu katika kisa chenyewe waandishi wananung'unika papo hapo: huyu ni nani hata atamke hivyo? Kwa Kichina nung'uniko hilo linaeleweka kabla hata hujalisoma, maana kitenzi chenyewe kimeshadai mamlaka.

Kisarufi, neno ni jepesi kuliko linavyotisha. Unaweza kumsamehe mtu, shèmiǎn tā, au kusamehe kosa lake, shèmiǎn tā de zuì, au kusamehe adhabu ya kifo. Mfungwa naye husemwa bèi shèmiǎn, amesamehewa, au huòdé shèmiǎn, amepata msamaha. Kwenye maandishi ya serikali linatanguliwa na 予以 yǔyǐ, neno lisilo na kazi nyingine ila kuvaa suti: yǔyǐ shèmiǎn, "apewe msamaha". Ukiona yǔyǐ, jua unasoma karatasi yenye namba na mhuri.

Karatasi maarufu kuliko zote za aina hiyo alipewa mtu mmoja tarehe 4 Desemba 1959, katika gereza la wahalifu wa kivita huko Fushun, kaskazini-mashariki ya China. Jina lake Aisin Gioro Puyi. Alipandishwa kwenye kiti cha enzi cha Beijing mwaka 1908 akiwa hajatimiza miaka 3, akaondolewa 1912, kisha Wajapani wakamfanya mtawala wa dola yao ya bandia ya Manchukuo kuanzia 1932. Jeshi la Kisovieti likamkamata 1945, likamrudisha China 1950, na huko Fushun akawa mfungwa namba 981.

Hati aliyosomewa ilitoka Mahakama Kuu ya Watu, na namba yake ya kumbukumbu ilianza na herufi ile ile: 赦字第011号, shè zì, "faili la shè", namba 011. Inasema mfungwa huyo, mwanamume, miaka 54, Mmanchu, mwenyeji wa Beijing, ametimiza miaka 10 kifungoni. (Kwa hesabu yetu alikuwa na 53. Wachina wa zamani humhesabia mtoto mwaka mmoja tangu siku anayozaliwa.) Inaendelea kusema kwamba kwa kazi na mafunzo ameonyesha kweli kuwa 改恶从善, gǎi è cóng shàn, ameacha uovu na kufuata wema, hivyo anatimiza sharti la kwanza la amri ya msamaha, na kwa hiyo yǔyǐ shìfàng, aachiliwe.

Msomaji makini ataona jambo. Kitenzi cha mwisho si shèmiǎn. Ni shìfàng, kuachilia, lile lile ungelitumia kwa ndege aliye kwenye tundu. Msamaha wenyewe umekaa juu ya karatasi, katika jina la hati: 特赦通知书, tèshè tōngzhīshū, taarifa ya msamaha maalumu. Mahakama haikumsamehe. Mahakama ilikagua ikaona anaingia kwenye masharti, ikamfungulia mlango. Aliyesamehe yuko juu zaidi, na hati inamtaja mwanzoni kabisa kwa cheo: Mwenyekiti wa Jamhuri, kwa amri ya tarehe 17 Septemba mwaka ule. Miaka hamsini na kitu nyuma yake, neno shè lilikuwa likitoka kwenye kiti alichokalia Puyi mwenyewe. Sasa lilikuwa kwenye faili lake. Alitoka akaenda kufanya kazi kwenye bustani ya mimea Beijing, akafa 1967.

Sasa tuachane naye tulitazame hilo tè. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, na wafasiri pia.

特赦 tèshè ni shè maalumu: msamaha kwa watu wenye majina, au kwa makundi yaliyoelezwa kwa masharti. 大赦 dàshè ni shè kubwa: msamaha wa jumla, unaofagia. Shèmiǎn ndilo mwavuli wa zote mbili. Ila tofauti haiko kwenye idadi ya watu tu. Mafunzo ya sheria ya Kichina hutenganisha 罪 zuì, hatia, na 刑 xíng, adhabu. Dàshè hufuta vyote viwili, kana kwamba kosa halikutendeka, na ambaye kesi yake haijaisha, kesi inakufa. Tèshè kwa kawaida hufuta adhabu na kuiacha hatia pale pale. Umeachiwa, lakini ulitenda.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Jinai ya China kinamweleza mhalifu sugu kuwa ni yule ambaye, akiisha kumaliza kifungo au baada ya shèmiǎn, anarudia kosa kubwa ndani ya miaka 5. Yaani aliyesamehewa anahesabiwa sawasawa na aliyemaliza kifungo chake. Saa inaanza kugonga siku anayotoka. Kama msamaha ungefuta hatia, pasingekuwa na cha kurudia.

Kwetu Katiba ya Tanzania, ibara ya 45, inampa Rais mambo kadhaa kwa mkupuo: kutoa msamaha kwa masharti au bila masharti, kumwachilia mtu asitimize adhabu, kuibadilisha adhabu iwe tahafifu, kuifuta yote au sehemu yake. Sisi tunayaita yote "msamaha wa Rais" na maisha yanaendelea. Mchina angetaka ujue ni lipi kati ya hayo.

Dàshè la zamani lilikuwa tamasha. Mfalme mpya akikalia kiti, jina la zama likibadilishwa, mrithi akitangazwa, hata ukame ukizidi, ilitoka amri ya 大赦天下 dàshè tiānxià, msamaha kwa wote walio chini ya mbingu. Wakati wa nasaba ya Tang kulisimikwa mlingoti wa kama mita 20, juu yake jogoo mwenye kichwa cha dhahabu na kitambaa chekundu mdomoni. Ngoma ikapigwa mara elfu. Wafungwa, wazee wa mji na maafisa wakakusanywa, amri ikasomwa, minyororo ikafunguliwa. Mshairi Li Bai, aliyekuwa safarini kwenda uhamishoni kwa kosa la kumfuata mwana wa mfalme aliyeasi, alikutwa njiani na msamaha wa aina hii mwaka 759, na sababu yake ilikuwa ukame. Akageuza chombo akarudi na mkondo wa mto Yangtze.

Lakini msidhani wote walishangilia. Taizong, mfalme mkubwa kuliko wengi wa nasaba hiyo hiyo, alikuwa akikumbusha msemo wa kale, yī suì zài shè, shànrén yīnyǎ: mwaka mmoja ukisamehe mara mbili, watu wema huwa mabubu. Atasema nini aliyeibiwa, akimwona mwizi anapita mlangoni?

Na ni Taizong huyo huyo aliyefanya jambo ambalo Wachina hawajaacha kulijadili. Mwaka 632 aliwaruhusu watu 390 waliohukumiwa kufa warudi makwao, kwa sharti kwamba vuli inayofuata wajilete wenyewe wauawe. Vuli ikafika. Wote 390 wakarudi, bila wa kuwaleta, hata mmoja hakukosa. Mfalme akawasamehe wote, na wanahistoria waliandika tendo hilo kwa herufi moja tu, shè.

Karne nne baadaye, mwanazuoni Ouyang Xiu akaliangalia tukio hilo kwa jicho kavu. Wafungwa walirudi, alisema, kwa sababu walihisi kwamba wakirudi watasamehewa. Na mfalme aliwaachia kwa sababu alihisi kwamba watarudi wakitarajia hivyo. Kila upande uliuibia upande wa pili moyo wake, wema haukuwepo. Na kama ni sheria njema, mbona haikurudiwa kila mwaka? Mimi huwa nasimama na Ouyang Xiu mpaka ninapofikiria yule wa mwisho kufika, pengine ametembea kutoka mbali, analiona lango la mji. Hapo nasitasita.

Hata dàshè lenyewe halikuwafikia wote. Sheria za nasaba ya Sui na baadaye za Tang ziliorodhesha maovu 10, kuanzia njama dhidi ya dola hadi kutowaheshimu wazazi, ambayo msamaha wa kawaida haukuyagusa. Kutoka hapo kukazaliwa usemi unaotumika hadi leo sokoni na kwenye mitandao, 十恶不赦 shí è bú shè, "maovu kumi, hakuna msamaha", kwa mtu ambaye uovu wake umepita kiasi. Asilimia kubwa ya wanaoutamka hawawezi kukutajia hata matatu kati ya hayo kumi, kama sisi tunavyosema "mwana kidonda" bila kuulizana kidonda kiko wapi.

China ya leo haina dàshè. Katiba ya 1954 iliyataja yote mawili: Bunge la Taifa la Watu liamue dàshè, Kamati yake ya Kudumu iamue tèshè. Katiba ya sasa, ya 1982, imebakiza tèshè peke yake. Kifungu cha 67 kinaipa Kamati ya Kudumu uamuzi, cha 80 kinampa Rais kazi ya kutangaza amri. Kwa hiyo kichwa cha habari "Rais wa China asamehe wafungwa" kinampa sifa ambayo kisheria ni ya kamati. Rais anaweka saini.

Tangu 1949 tèshè imetolewa mara 9. Saba za kwanza zilianza 1959 zikaisha 1975, na isipokuwa ile ya kwanza, zote zilihusu wahalifu wa kivita tu. Ya 1975 iliwaachia waliobaki wote, bila hata lile sharti la kuacha uovu na kufuata wema. Halafu kimya cha miaka 40. Mwaka 2015, katika kumbukumbu ya miaka 70 ya kushindwa kwa Japani, ikatoka ya nane na kuwaachia watu 31,527. Ya tisa ilikuja 2019, Jamhuri ilipotimiza miaka 70.

Tazama ni akina nani waliotoka 2015. Walikuwepo wapiganaji wa vita vile. Walikuwepo wazee wa miaka 75 na zaidi wenye ulemavu mkubwa wasioweza kujihudumia. Na walikuwepo waliotenda makosa kabla ya miaka 18 na kupewa vifungo vifupi, nao ndio waliokuwa wengi. Sasa rudi nyuma miaka zaidi ya elfu mbili, kwenye taratibu za utawala zinazohusishwa na nasaba ya Zhou. Humo shè ni tatu: ya kwanza mtoto, ya pili mkongwe, ya tatu asiye na akili timamu. Herufi imebadilisha mabwana wengi, na mtoto na mkongwe bado wamo ndani yake.

Ukivuka bahari ukafika Taiwan, mpangilio ni mwingine. Kuna sheria nzima ya 1953 iitwayo 赦免法, Shèmiǎn fǎ, na chini ya jina hilo imeweka mambo manne: dàshè, tèshè, kupunguza adhabu, na kurudishiwa haki za kiraia. Tèshè huko ni mkononi mwa Rais, na kwa kesi za kipekee inaweza kufuta hata hukumu ya hatia. Mwaka 2021 Rais Tsai Ing-wen aliitumia kwa mwindaji wa kabila la Wabunun aliyekuwa amehukumiwa kwa kuwinda wanyama wanaolindwa ili mama yake mzee apate nyama. Magazeti yote: tèshè.

Tofauti hii inawaponza wafasiri. 减刑 jiǎnxíng, kupunguziwa adhabu, huko Taiwan liko chini ya mwavuli wa shèmiǎn. China bara halimo: ni jambo la mahakama, mfungwa akiwa na mwenendo mzuri. 假释 jiǎshì ni parole, kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, ingawa ile jiǎ mwanafunzi ameshaizoea kwa maana ya "bandia" na anabaki kujiuliza kuachiwa bandia ni kuachiwa gani. Na 死缓 sǐhuǎn, hukumu ya kifo inayoahirishwa miaka 2, nimeiona ikitafsiriwa kwa Kiswahili kuwa mtu "amesamehewa kunyongwa". Hajasamehewa. Ni hukumu yenyewe imetoka hivyo, na hakuna mamlaka ya juu iliyoshuka kuigusa. Ukikosa 赦 kwenye maandishi ya Kichina, usiandike msamaha.

Hata Wachina wenyewe hawajaelewana kila mahali. Lile shirika la kimataifa la kutetea wafungwa wa kisiasa, lenye mshumaa uliozungushiwa seng'enge, Amnesty International, Hongkong na Taiwan huitwa 国际特赦组织, lenye tèshè ndani. Magazeti ya bara hulitaja kama 大赦国际, lenye dàshè. Shirika ni moja. Ukiwa mkalimani mkutanini, msikilize kwanza mjumbe anatumia lipi, ufuate hilo.

Kwa mdomo wa kila siku, neno zima limebaki kwenye mzaha na kwenye usemi mmoja mtamu: 如蒙大赦 rú méng dàshè, "kama aliyepata dàshè". Ni ile pumzi unayoishusha daktari anaposema si uvimbe, ni jipu tu. Ni askari wa barabarani anayekusimamisha, anakutazama, halafu anakupungia mkono upite. Bosi akiwaruhusu watu Ijumaa saa nane, mtu ataandika kwenye kundi la ofisi: dàshè tiānxià! Hapo hakuna anayeuliza nani mfalme.

Hii ndiyo njia ya halali ambayo ningeweza kuitumia jioni ile ya mvua, kama ningeijua. Mwalimu alinieleza mwenyewe, huku anafuta kile kijimtu ubaoni. Kwanza qǐng yuánliàng, kama mtu yeyote. Yeye angejibu méi guānxi, hakuna neno. Ndipo ningemwandikia kwamba najisikia rú méng dàshè, naye angecheka bila kulazimika kujivua ufalme.

Kisha akaniambia nikae, niandike 免 mara thelathini, bila kitone.